Kifuniko cha Kotori

Asami alipoingia darasani amekumbatia mfuko, Iwasa Chizuko alidhani ameletewa vitamutamu vya harusi. Wiki ile kaka yake Asami alikuwa ameoa, na Chizuko, mwalimu wao wa mwandiko tangu wakiwa wadogo, alikuwa ameshateleka birika la chai. Lakini Asami hakuketi. Alitoa mshipi mpana wa kimono, hariri ya rangi ya mpunga ulioiva, akautandaza juu ya meza. Katikati palikuwa na doa la wino wa buluu, kubwa kuliko kiganja, limepenya hadi upande wa pili.

"Ulikuwa wa bibi," Asami alisema. "Akauvaa mama, nami nikauvaa juzi. Nilikaa mezani kupokea wageni, nikachomeka kalamu humu ndani. Ni fupi, haionekani. Nilipokuja kusimama kuwapa mkono wazazi wa bibi harusi, watu wananitazama tumboni."

"Kalamu gani?"

"Kotori. Si wewe uliyetuambia tuinunue?"

Chizuko akaliepua birika kwanza, ndipo akarudi. "Mimi nilisema msiinunue."

"Mwalimu, nimesoma kwa macho yangu. Uliandika ni kalamu ya kubeba popote."

Hapo ndipo hasira ilipoanza, na kwa Chizuko hasira ilikuwa mgeni wa nadra. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu, hakuolewa na hakumweleza mtu kwa nini. Alifundisha mwandiko kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake hapo Matsue, nyuma ya mfereji, mahali ambapo mvua haikosi. Walikuja watoto, walikuja wake za watu, walikuja na makarani ambao wakubwa wao waliwacheka hati. Pembeni ya kazi hiyo aliandika safu katika jarida dogo la mtaani, la bure, linaloachwa kwenye milango ya maduka. Aliandika kuhusu kalamu za wino, na kalamu za bei ya chini tu. Za matajiri, alisema, zina watu wa kutosha wa kuzisifu.

Hakuandika juu ya kalamu kabla hajaishi nayo. Aliitia mfukoni mwa aproni akienda kununua kome wa ziwani, akaandika nayo maelekezo ya dawa za jirani, akaiacha dirishani usiku wa baridi aone kama asubuhi itaamka. Kotori ilimteka. Bei yake haikuzidi bakuli la tambi. Ikifungwa ilikuwa fupi kama kidole cha kati, ukiivisha kifuniko mkiani inakuwa kalamu kamili mkononi. Nibu yake iliteleza kwenye karatasi bila kukwaruza na bila kumwaga. Aliandika nayo barua tatu ambazo hazikuwa na haja ya kuandikwa.

Kisha kifuniko kikapasuka kwenye hesi, pale kinapozungushwa kufungwa. Akanunua nyingine, nayo ikapasuka palepale. Ufa wenyewe ulikuwa mwembamba kama unywele; kalamu ikisimama wima huuoni, ikilazwa inavuja. Kwa hiyo alisifu nibu kwa moyo wote, na mwishoni akaandika wazi: msiibebe karibu na nguo mnayoipenda, na hadi kifuniko kitakapotengenezwa upya, msiinunue.

Akaipeleka makala kwa mhariri. Jarida lilipotoka hakulifungua, kwa sababu maneno yake mwenyewe yakishachapwa yalimtia haya. Sasa alilivuta kutoka kwenye rafu mbele ya Asami, akasoma amesimama. Sifa za nibu zilikuwepo zote. Kifuniko hakikutajwa hata mara moja. Mwisho kabisa palikuwa na sentensi ambayo hakuwahi kuiandika: *Mwenzi wa kubeba popote.*

"Haya si yangu," alisema.

"Jina ni lako," Asami alijibu, akaukunja mshipi taratibu, upande wenye doa ukiwa ndani. Alipofika mlangoni aliinama kama alivyofundishwa, akaenda zake.

Chizuko hakuvua hata aproni. Alitembea mvuani hadi ofisi ya jarida, juu ya duka la miwani, akamkuta mhariri Kuwabara anakula mkate. Kuwabara alikuwa mtu wa tabasamu. Alitabasamu hata alipoona maji yanadondoka kutoka kwenye aproni ile.

"Mwalimu, karibu, kaa basi. Ningekufuata mwenyewe."

"Nani alikata makala yangu?"

"Nafasi ilikuwa finyu. Unajua ukurasa wetu ulivyo."

"Nafasi ya kuongeza sentensi uliipata wapi?"

Kuwabara akaweka mkate chini. Nyuma yake, ukutani, jarida lenyewe lilikuwa limebandikwa, na chini ya safu ya Chizuko kulikuwa na tangazo la Kotori, rangi nne, upana wa ukurasa mzima. Chizuko alilitazama, kisha akamtazama yeye.

"Tusifichane," Kuwabara alisema kwa sauti ya chini. "Bila pesa za tangazo lao toleo lile lisingetoka. Na sikukutukanisha. Nimeacha mazuri yako yote."

"Umechukua jina langu ukalifanyia biashara."

"Mwalimu, ni kalamu ya bei ya tambi. Nani atakufa?"

"Nunua hiyo kalamu, uitie kwenye koti lako la harusi, halafu uje uniulize hivyo tena."

"Basi nitaweka masahihisho. Mstari mmoja, toleo lijalo, ukurasa wa mwisho."

"Weka makala yote, mahali palepale."

Kuwabara akakuna shingo. Hakusema hapana. Alisema litafikiriwa, na kwa watu wa Matsue hiyo ni hapana iliyovaa vizuri. Chizuko akamwambia asimwandikie tena, asimpigie, na jina Iwasa alifute kwenye jarida lake. Alisema yote hayo bila kupandisha sauti, akashuka ngazi.

Siku hiyohiyo alinakili makala kamili kwa herufi kubwa, kwa mkono, akaibandika kwenye kioo cha dirisha la darasa, ikitazama barabara. Na ng'ambo ya barabara lilikuwapo duka la vifaa vya kuandikia la Yasui, aliyekuwa amepanga Kotori mbele kabisa, rangi kwa rangi kama peremende.

Yasui alivuka na mwavuli wake. Walikuwa wamejuana tangu shule ya msingi.

"Chizuko, bandua hiyo karatasi."

"Siibandui."

"Wateja wanasimama hapa, wanasoma, halafu wanageuka nyumbani. Hata dukani hawaingii kununua kifutio."

"Wewe umeijaribu hiyo kalamu?"

"Mimi nauza, sijaribu. Ningejaribu kila kitu ningeuza saa ngapi? Tangu zamani ndivyo ulivyo. Darasa la nne ulimshtaki mwalimu mkuu kwa kukosea herufi."

"Alikosea kweli."

"Alikosea, na sote tukanyimwa mapumziko." Yasui alikuwa amekunja uso, wala hakuwa anatania. "Mji huu mdogo. Utagombana na kila mtu ubaki na nani?"

"Nitabaki na mwandiko wangu."

Akamfungia mlango. Hawakuzungumza tena majira yote ya baridi. Wazazi wawili waliwaondoa watoto wao darasani, wakisema hawataki ugomvi. Asami hakurudi. Mshipi ulipelekwa kwa msafishaji wa Kyoto, naye akaurudisha na doa lake. Chizuko alisikia hayo kwa watu, sokoni, na kila aliposikia hasira ilimrudia mbichi, nusu kwa Kuwabara, nusu kwake mwenyewe, kwa kuona haya kufungua jarida lenye jina lake.

Majira ya kuchipua, Kotori mpya ikaletwa. Kampuni haikusema lolote kuhusu ile ya zamani, wala haikumtaka radhi mtu. Chizuko aliingia dukani kwa Yasui, akachukua moja ya kijani, akaiweka kwenye kaunta.

"Kifuniko ni kinene," Yasui alisema akitazama pembeni. "Safari hii nimejaribu."

"Na mimi nitajaribu."

Aliilaza. Aliitikisa. Alitembea nayo kwenye aproni hadi ziwani na kurudi, akaiacha dirishani, akaifungua na kuifunga mpaka vidole vikauma. Alitamani ivuje. Alikuwa tayari na maneno yake. Haikuvuja, na kila asubuhi iliandika tangu mstari wa kwanza.

Chizuko alikaa mbele ya karatasi tupu, meno yameumana. Kisha akaandika kwamba kifuniko kimepona, nibu bado ni tamu, na mwenye kutaka anunue. Chini yake akaongeza kwamba za zamani bado zinavuja, na waliozitengeneza wanajua. Akaibandika kwenye kioo, pembeni ya ile ya kwanza.

Mchana Kuwabara alipiga simu. Alikuwa ameisoma akipita. Alitaka kuichapa.

"Yote?" Chizuko aliuliza.

"Ile sentensi ya mwisho, Mwalimu, tungeweza kuizung—"

Akakata simu, akarudi darasani, ambako wanafunzi watatu waliobaki katika darasa la mchana walikuwa wanamngoja.