Marehemu Niliyemfufua Kwenye Tamthilia ya Kichina

Nimekosa, na niliyemkosea yuko humu humu ndani. Yuko upande wa pili wa ukuta, anamenya karanga kwa kupapasa, kwa sababu macho hana tena.

Nimekuwa katekista kwa zaidi ya miaka thelathini katika kijiji kimoja cha wilaya ya Ikungi. Kazi yangu ilikuwa kuwasomea watu kilichoandikwa, kama kilivyoandikwa, na namshukuru Mungu aliyenipa kazi hiyo. Lakini uongo mkubwa wa maisha yangu nimeusema nikiwa nasoma, mbele ya televisheni, saa kumi alasiri.

Naomba mnisikilize mpaka mwisho, ndipo mnihukumu.

Mke wangu alianza kuona ukungu mwaka juzi. Nikampeleka hospitali Singida Mjini, wakasema ni presha ya macho. Wakati anawekewa matone, daktari aliniita pembeni.

"Mzee, jicho la kushoto limekwisha. La kulia lina mwanga kidogo, na wenyewe utaondoka baada ya miezi michache. Dawa inachelewesha tu. Nimwambie mimi, au utamwambia wewe?"

Nikajibu, "Niachie mimi, ni mke wangu."

Kwenye basi la kurudi akaniuliza, "Katekista, daktari amesemaje?"

Hilo ndilo jina analoniita tangu tukiwa wachumba, kwa utani, akinisumbua kwamba hata kumposa nilimposa kama ninayetangaza ndoa kanisani.

Nikamwambia, "Amesema tuwe na subira na dawa."

Hayakuwa maneno ya uongo kabisa. Ndiyo maana yalinitoka kirahisi.

Wiki mbili baadaye mtoto wetu wa mwisho, anayeishi mjini na mkewe, akapata binti. Akampa jina la mama yake. Nikamwambia mke wangu twende tukamwone mtoto.

"Nimwone na ukungu huu?" akasema. "Acha dawa ifanye kazi. Nikipona nitamwangalia vizuri, nijue pua kachukua ya nani. Ikiwa ni ya kwako nitamwombea."

Nikacheka, nikasema sawa. Hapo ndipo palipokuwa pa kusema, nami nikapapita.

Basi tukabaki nyumbani na televisheni tuliyoletewa na huyo kijana wetu. Kila alasiri kulikuwa na tamthilia ya Kichina ya enzi za wafalme. Kulikuwa na msichana mshona nguo aliyependwa na mkuu wa jeshi. Majina yao yalitushinda, mke wangu akawabatiza Mshonaji na Jemadari. Wanaongea Kichina, na maandishi ya Kiswahili yanapita chini. Yeye hakuweza kuyasoma, basi mimi nikawa nasoma na kumgeuzia Kinyaturu. Hadithi kwa Kiswahili, alisema, inakuwa kama tangazo la mkutano wa kijiji.

Nilianza ili kumfurahisha. Baada ya muda mimi ndiye niliyekuwa natazama saa na kuwahimiza wageni wamalize chai yao.

Uongo wa kwanza ulikuwa wa aibu. Jemadari na Mshonaji walikumbatiana muda mrefu chini ya mti wenye maua, nami mzee wa miaka sabini na mbili sikujua pa kuangalia.

"Wanafanya nini?" akauliza.

"Wanasalimiana."

"Salamu gani hiyo yenye kinanda namna hii?"

Tulicheka siku ile. Nikaona kumbe kugeuza kidogo hakuna ubaya.

Kisha Jemadari akapata barua kutoka mpakani. Kaka yake Mshonaji, ndugu pekee aliyebaki naye, ameuawa vitani. Jemadari akaifungia barua kwenye sanduku, akarudi sebuleni akamwambia Mshonaji, "Kaka yako yuko njiani." Na Mshonaji alikuwa anamshonea huyo kaka koti la baridi.

Nilisoma yale maandishi kimoyomoyo. Nilijiona. Sikuweza kumsomea mke wangu habari ya mwanaume anayemficha mwanamke wake jambo kwa sababu anampenda. Nilihofu angeniuliza, "Mwanaume wa namna gani huyo?"

Nikamwambia, "Kaka ameandika barua. Anakuja."

Kuanzia hapo nilikuwa na marehemu wa kumtembeza. Kila siku ilibidi nitafute kilichomchelewesha. Mara mto umejaa, mara farasi anachechemea, mara amepata homa kwenye nyumba ya wageni.

Mke wangu akasema, "Huyu kaka naye, ana uhakika amepanda farasi? Mimi naona ni punda wa Itigi."

Na wakati namfufua yule marehemu, mwanga wa mke wangu ulikuwa unaondoka mbele yangu. Nguo za wale watu zina rangi kali, na mwanzoni alizifuata kwa rangi. Alikuwa akisema, "Mwekundu ndiye Mshonaji." Halafu siku moja akauliza, "Leo Mshonaji amevaa nini?"

"Nyekundu, kama jana."

"Mbona mimi naona majivu?"

Nikamwambia televisheni imeanza kuchoka. Mungu anirehemu, nilisimama nikaipiga piga kwa nyuma ili aamini.

Mtoto alipofikisha miezi minane, mkwe wetu alimleta kutusalimia. Ilikuwa alasiri. Alipiga magoti akatupa shikamoo, akamweka mtoto kwenye mapaja ya bibi yake, naye akakaa mkekani. Kumbe tamthilia ile na yeye alikuwa anaifuata huko mjini.

Siku hiyo Mshonaji alilifungua sanduku akaikuta barua. Akalia kilio ambacho hata asiyejua Kichina angekielewa.

"Ana nini?" mke wangu akauliza.

"Analia kwa furaha," nikasema. "Kaka yake amefika."

Mkwe wetu akageuka. "Baba, kaka yake si alishauawa zamani? Ndiyo barua aliyofichwa hiyo."

Alisema bila nia mbaya. Alipoona uso wangu akainuka taratibu kwenda jikoni.

Mke wangu alisubiri mpaka matangazo yakaanza. Kisha akauliza, "Amekufa lini?"

"Zamani kidogo. Tangu wakati wa palizi."

"Na wewe ulisoma kwamba amekufa?"

"Nilisoma."

Akawa anampapasa mtoto usoni, paji la uso, nyusi, pua. Aliirudia pua mara mbili.

"Daktari alisemaje?" akauliza.

Nikamwambia yote, kama yalivyosemwa. Nilichelewa, lakini safari hii sikugeuza hata neno.

"Kwa hiyo alipozaliwa huyu, siku uliponiambia twende, ningemwona?"

"Ungemwona. Si vizuri sana, lakini ungemwona."

Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alisema tu, "Nilikuwa najitunzia macho kwa ajili yake."

Hapo ndugu zangu nililia, mkwe akinisikia kutoka jikoni, jambo ambalo kwetu mwanaume halifanyi.

Nilijitetea moyoni kwamba nilimwonea huruma. Nimeomba sana juu ya jambo hili, na nimejua kwamba niliyemhurumia nilikuwa mimi. Niliogopa kukaa naye chini na kumwona akipokea habari ile. Kwa kukwepa saa moja ya uchungu, nilimnyima miezi ya kutazama. Angeweza kumwona mjukuu wake. Angeweza kuliona tena Ziwa Singidani, alikokulia jirani. Angeweza kuniangalia na mimi, akipenda.

Nilikwenda kuungama. Padri akanipa kitubio na maondoleo. Niliporudi nikamweleza mke wangu kwamba nimesamehewa.

Akasema, "Mungu ana haraka. Mimi niache niende taratibu."

Namwacha aende. Jumapili bado ananishika mkono tukienda kanisani, nami nashukuru kwa hilo. Ila hajaniita Katekista tangu siku ile. Ananiita Baba, kama wanavyoniita watu wote.

Tamthilia ilikwisha majuzi. Mshonaji alimaliza lile koti, akalikunja, akaondoka nalo. Jemadari alisimama langoni kwenye theluji, na maandishi yakaanza kupanda. Mke wangu akauliza, "Alirudi?"

Nilitamani kusema amerudi. Neno lilikuwa limekwisha fika kwenye meno.

"Hakurudi," nikasema.

Akasema, "Haya. Hapo umesoma."

Wewe unayemsomea mzazi wako barua, unayesimama kati ya mama yako na daktari kwa sababu Kiswahili kinamsumbua, uliye macho ya mtu asiyeona, nakusihi. Mwambie kilichoandikwa. Kama ni kizito, kaeni chini mkibebe wawili. Usimchagulie la kujua, maana hujui anajitunzia nini moyoni.

Jana jioni nilimsomea Injili kama kawaida. Nilipofunga kitabu akauliza, "Ndivyo ilivyoandikwa?"

Nikamjibu ndivyo.

"Rudia," akasema.

Nikafungua tena, nikarudia.