Mamba Wawili, Tumbo Moja

Siku ile naikumbuka kuliko hata ya harusi yangu, mwanangu. Miaka ya tisini ilikuwa ukingoni, nami msichana mjuaji, haraka nyingi kuliko akili. Nilikuwa nauza vinyago pale ufukweni South Beach, kwenye kibanda cha Papa Kwame, Mghana aliyejifunza Kiswahili chetu alipokaa Lubumbashi.

Alikuwa na sanduku la mawe ya mizani ya shaba, madogo kama kidole gumba. Wazee wa kwao waliyatumia kupimia dhahabu. Kila jiwe lina umbo lake na methali yake, na mtu akishindwa kusema, humtumia mwenzake jiwe.

Yeye na mdogo wake Yao walikuwa hawasemezani tangu msiba wa mama yao, kila mmoja akimlaumu mwenzake kwa kutokwenda kumzika. Asubuhi hiyo akanipa jiwe kwenye kitambaa. "Mpelekee Yao, kule Albert Park. Usiseme kitu. Yeye atajua."

Alipogeukia mteja, nikachungulia. Mamba wawili, weusi, wamechakaa. Eish, aibu iliyoje kumpelekea mtu takataka hii! Nikalirudisha sandukuni, nikachagua linalong'aa: nyoka kamng'ata ndege shingoni. Nikajiona mjanja kweli.

Yao alikifungua kitambaa jikoni kwake. Macho yakambadilika. "Kwa hiyo ndege ni mimi? Hata nikiruka, atanikamata?" Akanyakua kisu, akashuka ngazi. Nikamfuata mbio nalia, "Papa Yao, ngoja!" Roboti, zile taa za barabarani, nyekundu, yeye anapita tu, teksi zinapiga honi. Moyo wangu, weee!

Na Papa Kwame, pale kibandani, alipomwona mdogo wake anakuja, akasimama akafungua mikono. Anatabasamu, maskini. Kisu hakukiona.

Nikajitupa katikati. "Ni mimi! Nimebadilisha mimi!" Nikachakura sanduku mpaka nikalipata lile jeusi: mamba wawili, tumbo moja. Methali yake ndiyo hii: ya nini kugombania chakula, na kinashukia mahali pamoja?

Kisu kikamtoka Yao mkononi. "Hili lilikuwa la mama," akasema. Wakashikana, wakalia kama watoto.

Papa Kwame hakunipiga. "Binti, weusi huu ni jasho la mkono wa mama yetu. Wewe uliona uchafu." Kofi lingeniuma kidogo kuliko hayo.

Mwanangu, wanasema mjumbe hauawi. Sawa, lakini mjumbe anaweza kuua. Ukitumwa, fikisha kilekile ulichopewa. Usichojua maana yake usikipambe. Uliza, kuuliza si ujinga. Mungu akulinde na ujanja wako mwenyewe, na siku utakayokosea, akupe miguu ya kuwahi, kama alivyonipa mimi.