Mpigaji Aliyenyimwa Mpira

Chibalonza alikuwa na mtoto ambaye kazi yake ilikuwa kupiga mpira kwa gongo mpaka upotelee nje ya uwanja, na kwa karibu miaka ishirini hakuwahi kuuona ukipotea. Si kwamba hakutaka. Anatunza wazee katika nyumba moja kule Fairfield, Sydney, na wazee hawaachi kula wala kuoga kwa sababu ni Jumamosi. Mara mbili tu alipata nafasi ya kwenda uwanjani, na mara zote mbili mwanawe Aimé alipunga hewa, gongo lisiguse mpira, akarudi kukaa, na watu wakampigia makofi. Mama akarudi nyumbani na maswali mengi kuliko aliyokwenda nayo.

Besiboli yenyewe haikuwahi kumwingia akilini. Walipofika Sydney kutoka kambini Burundi, Aimé alikuwa na miaka tisa na mchezo aliojua ni kandanda. Mwalimu mmoja akaona mikono yake mirefu, akampa gongo. Mpira wa kwanza alioupiga sawasawa ulivunja kioo cha gari la mwalimu yuleyule. Chibalonza alikwenda kuomba msamaha, akamkuta mwalimu anacheka hadi machozi, anauliza kama mtoto anaweza kurudi kesho.

Alipotimiza miaka kumi na saba, wazungu wawili walikuja kutoka Amerika, wakakaa kwenye kochi lake, wakanywa chai, wakamwambia mwanawe ana nguvu ambazo hakuna anayeweza kuzifundisha. Chibalonza akauliza, nguvu za kufanya nini? Wazungu wakatazamana.

Miaka saba Aimé alizunguka Amerika kwa basi, kutoka timu ndogo hadi timu ndogo. Kila msimu alipiga nje mipira ishirini na kitu, na kila msimu alipunga hewa zaidi ya mara mia, na wakubwa wakasema hivyo ndivyo walivyo wapigaji wa aina yake. Amebakiza hatua moja tu kufika ligi kubwa, walisema. Chibalonza aliiombea hatua hiyo kanisani mpaka washirika wenzake wakaikariri. Kisha kifundo cha mkono kikavunjika, kikashonwa, na klabu ikamuaga kijana kwa simu ya dakika nne.

Akarudi Sydney, akapata kazi ya kuendesha forklift ghalani, na kila kiangazi akacheza ligi ya hapa. Mkono ukawa unauma zaidi kila mwaka. Alipofika miaka ishirini na minane, daktari alisema inatosha, na Jumapili ya mwisho ya Januari ikawa mechi ya mwisho.

"Mama, uje unione napiga," alimwambia. "Mara moja tu. Baada ya hapo hakuna tena."

Basi Chibalonza akabadilishana zamu, na ibada ilipoisha akaisomba kwaya nzima ya akina mama, kumi na wanne na vitenge vyao vya sare, ngoma moja na ndoo ya maandazi, wote ndani ya treni. Kiongozi wao Clarisse hajui kuongea polepole, kwa hiyo behewa zima lilifika likijua wanakokwenda na kwa nini. Belyse, bintiye Chibalonza mdogo, alikaa mbali nao kidogo.

Aimé alipoingia na gongo lake begani, kwaya ilipiga vigelegele mpaka refa akageuka. Upande wa pili, kocha wa wageni, mzee mmoja mwenye tumbo aliyeitwa Ronnie, alitoka kibandani, akainua vidole vinne, akarudi kukaa. Refa akaonyesha kituo cha kwanza. Aimé akaweka gongo chini, akatembea hadi kituoni, akasimama pale kama mtu anayesubiri basi.

"Amepiga?" Clarisse akauliza.

"Hapana," Chibalonza akasema. "Hata mpira sijaona."

Mara ya pili, vidole vinne. Mara ya tatu, vidole vinne. Mshirika mmoja alianza kunung'unika kwamba huu ni ubaguzi wa wazi, mwingine akasema labda Aimé anaadhibiwa kwa kukosa adabu. Chibalonza akamshika Belyse mkono.

"Juu ya nini banamukatalia kaka yako?"

"They're just walking him, Mum," Belyse akasema, macho kwenye simu, yaani wanampa tu kituo cha kwanza bila kumrushia mpira. "It's good."

Ni vizuri kwa nani? Mtu amekuja na watu kumi na wanne, mwanawe anapewa ishara ya mkono kama gari linaloelekezwa pa kuegesha, halafu ni vizuri. Chibalonza alijua jambo moja tu. Ukiona mtu anakataa kabisa kucheza na mwanao, kuna kosa mahali, na kosa haliombewi msamaha kwa kukaa. Akamchukua Clarisse kama shahidi, akachukua na ndoo ya maandazi, wakazunguka uwanja mzima juani hadi nyuma ya kibanda cha wageni. Hapo ndipo Belyse alipojifunika uso.

"Mimi ni mama yake Aimé," Chibalonza alimwambia Ronnie kwa Kiingereza chake cha kazini, akipitisha maandazi juu ya uzio. "Kama alikukosea, nakuomba umsamehe. Leo ni siku yake ya mwisho. Mrushieni mpira hata mmoja."

Ronnie alitazama andazi, akamtazama yeye, akavua kofia.

"Hajakosa kitu, mama. Ijumaa na jana ametupigia nje mipira mitano. Mitano! Sisi tunamwogopa tu, afadhali tumpe kituo bure kuliko kumrushia mpira."

Tangu Aimé ana miaka kumi na minne na kimo cha mlango, Chibalonza alikuwa akimfundisha namna ya kutoogopesha watu: dukani toa mikono mfukoni, kwenye treni keti, usisimame juu ya mtu, sauti iwe chini, ukiona mama wa kizungu mbele yako usiku vuka barabara wewe kwanza. Watu kumwogopa mwanawe alikuwa ameshakuona. Kumwogopa na kuvua kofia hakuwahi kukuona, na hakujua aseme asante au akasirike.

"Basi usimwogope," alisema mwishoni. "Ni mtoto mpole."

"Najua," Ronnie akasema, na andazi limejaa mdomoni. "Lakini siwezi."

Wakarudi. Kipindi cha mwisho kikafika, timu ya Aimé iko nyuma kwa alama mbili, vituo vyote vitatu vimejaa wenzake, zamu ya kupiga ni yake, na uwanja mzima umesimama. Hata Belyse aliweka simu chini. Alimweleza mama yake kwamba sasa hawawezi kumnyima, kwa kuwa wakimpa kituo cha kwanza, wenzake wote watasogea na alama moja itaingia bure.

Ronnie akatoka kibandani. Akavitazama vituo vilivyojaa. Kisha akainua vidole vinne.

Uwanja ukalipuka, wengine wakizomea, wengine wakipiga makofi, na wengine wakifanya yote mawili. Alama moja ikaingia. Aimé akaenda kituo cha kwanza kwa hatua za polepole. Mpigaji aliyemfuata akapunga hewa mara tatu, akawa wa tatu na wa mwisho kutolewa, na mechi ikaisha hapo, wageni wameshinda kwa alama moja. Wakajipanga mstari, vichwa wazi, wakampa Aimé mkono mmoja mmoja.

Alikuja uzioni kwa mama yake na nguo safi kabisa, bila tone la vumbi. Chibalonza alikuwa na maneno ya pongezi na maneno ya pole, yote yamemjaa mdomoni, na hakujua yaanze yapi.

"Balikuogopa," alisema. "Bote. Belyse anasema ile ni heshima."

"Ndiyo, Mama. Ni heshima kubwa. Hakuna kubwa kupita hiyo." Alitabasamu, kisha uso ukamshinda, na jitu lile likainama likaegemeza paji la uso kwenye waya. "Lakini mimi nilitaka uone."

Chibalonza akapenyeza vidole kwenye waya, akamgusa shavu. Nyuma yake Clarisse, ambaye hakuwa amesikia, akapiga ngoma na kuanzisha wimbo wa shukrani, na akina mama wote wakaupokea. Chibalonza hakuwanyamazisha, wala hakuitikia.