Kengele Iliyomkataa Shangazi

Magoti ya mama yalipoanza kumsumbua, safari ya kutoka jikoni hadi getini ikawa ndefu. Nyumba yake iko juu ya Kiboriloni, kwenye kihamba, shamba la ukoo. Njia inapita katikati ya migomba, inavuka mfongo, ule mfereji wa maji ya zamu, ndipo inafika getini. Mgeni akibisha, mama anafika pale mtu ameshakata tamaa na kuondoka.

Nikamnunulia intakomu: kidude chenye kitufe na spika cha kufunga getini, na mkono wa simu wa kuning'inia jikoni. Mimi ni mwalimu wa historia, mambo ya umeme niliyaacha kidato cha pili. Fundi angepatikana, ila nilipofungua boksi nikaona mchoro wa nyuzi nne za rangi nne, nikashikwa na hamu ya kujua kila moja inabeba nini. Nyekundu ilileta umeme, nyeusi iliurudisha, nyeupe ilibeba sauti, njano iliamsha kengele. Jumamosi mbili nilitoka kwangu Shirimatunda nikapanda kwa mama kuchimba mtaro. Waya ukaniishia karibu na mfongo. Nikaunga kipande kingine, kila uzi na mwenzake, nikazungushia tepu nyeusi, nikaupitisha ndani ya bomba la plastiki chini ya mfereji. Nilipobonyeza kitufe na sauti ya mama ikanijibu kutoka jikoni, nilifurahi kama mtoto.

Mwezi mmoja baadaye nilikutana na shangazi, dada yake marehemu baba, sokoni Kiboriloni. Kihamba chake kinapakana na cha mama kwa chini.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba," akasema bila kuniangalia, anachagua ndizi. "Mwambie mama yako nimeacha kuja. Mara nne nimebonyeza kile kidude chenu. Nimesalimia, nimeongea, wifi yangu kimya. Kama hanitaki aseme, asiniache naongea na ukuta."

Nilipanda moja kwa moja kwa mama. Akashika shavu. "Kengele haijalia hata siku moja kwa ajili yake! Mimi nimekaa hapa najiuliza nimemkosea nini."

Tukaijaribu, ikalia vizuri. Mama akanihakikishia kwamba mnunuzi wa maziwa anabonyeza kila Jumatatu na anasikika, na mzee wa kanisa vilevile Jumamosi.

"Basi kinamkataa wifi peke yake," mama alisema, na sikujua kama anatania.

Swali hilo lilinikaa kichwani wiki nzima, hata darasani. Kidude kitamjuaje mtu? Nilimpelekea mzee wa Kihindi mwenye duka la vifaa vya umeme pale mjini Moshi, yule aliyeniuzia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka mita ndogo ya kupimia juu ya kaunta.

"Mwalimu, usifungue kila kitu. Ikigoma, toa ncha zote mbili za waya, pima waya peke yake. Uzi na uzi zisionane, umeme usivuke kwenda wa pili. Zikionana, kosa liko ardhini."

"Na isipogoma?"

"Ngoja igome."

Shule ilipofunga nikahamia kwa mama. Jumatatu asubuhi kengele ililia, jioni ikalia. Jumanne nikatoka na kikombe cha chai mkononi, nikabonyeza. Taa ndogo ya kitufe iliwaka, ila jikoni hakukulia kitu. Nikamwita mama kwa sauti, naye akanijibu kupitia dirishani kwamba hajasikia chochote.

Nilibaki nimesimama pale getini, na katika ule ukimya nikasikia maji. Mfongo ulikuwa umejaa. Jumanne na Ijumaa ni zamu ya shangazi. Maji yake lazima yavuke njia yetu ndipo yamfikie. Zamu yetu ni Alhamisi, lakini sisi tunayageuzia migombani juu ya njia, kwa hiyo hayafiki pale kwenye bomba. Naye shangazi, akishapanda kuyafungua, hupita kumsalimia mama kabla ya kushuka. Alikuwa anabonyeza kitufe saa ileile ambayo maji yake mwenyewe yamelowesha waya wetu.

Nikaachanisha ncha zote mbili, nikapima. Nyuzi nyeusi na njano zilikuwa zinaonana: umeme wa kengele ulikuwa unarudia njiani. Maji yalipokata nikafukua, nikavuta bomba. Tepu yangu ilikuwa imeachia, na shaba kwenye kiungo imeota ukijani. Niliishika ile shaba muda mrefu, nina aibu, na pia nina raha ambayo siwezi kuieleza vizuri, raha ya kujua.

Nilinunua waya mmoja mrefu usio na kiungo, wenye nyuzi za ziada za kitasa cha umeme cha geti, nikaupitisha juu ya mfongo kwa nguzo mbili. Ijumaa, maji yakiwa yamejaa, nikashuka kumwita shangazi. Nikamwambia yote. Alisikiliza amekunja uso, kisha akauliza, "Sasa maji yangu ndiyo yalinifungia mdomo?"

"Ni kiungo changu, shangazi. Nilikifunga vibaya."

Akaja na jembe lake begani. Alisimama mbele ya kidude, akanitazama, akabonyeza.

"Wifi?"

Jikoni kengele ikalia. Halafu sauti ya mama ikatoka, karibu sana, kama yuko nyuma ya geti.

"Wifi, usiondoke. Subiri hapo hapo."

Kitasa cha umeme sasa tulikuwa nacho, angeweza kubonyeza tu kule jikoni na geti likafunguka. Hakubonyeza. Tulisikia kiti kikisogezwa, kisha mkongojo ukigonga sakafu, sauti yake ikififia kidogo kidogo. Shangazi akashusha jembe, akaliegemeza ukutani. Mama alichukua muda wake kupita migombani. Alipofika akafungua geti kwa mkono, na kabla hajasalimia, shangazi akaanza kumgombeza kwa Kichagga kwa nini ametembea na magoti yale.