Jina la Aliyempa Ng'ombe

Hakuna punje mbovu ya kahawa iliyowahi kuvipita vidole vya Védastine. Miaka kumi na mmoja alichambua katika kiwanda kimoja cha Gashonga, akipiga soga, akimsema huyu na yule, huku vidole vikitupa kando punje nyeusi bila yeye kuzitazama. Na alijua kwamba anajua, msimwonee wivu. Basi wamiliki wapya walipotangaza kwamba inakuja mashine ya kuchambua, wanawake wakaanza kuondoka mmoja mmoja kwenda kuchuuza Bukavu, ng'ambo ya mpaka. Meneja, Ladislas, akaona msimu unamharibikia mikononi. Akamwita Védastine pembeni.

"Maman, bambie benzako. Mwenye atabakia mupaka mwisho wa saison, mashine itamukuta ku kazi na itamuacha ku kazi. Na weye, kama unabashika, nitakupa ng'ombe."

Ng'ombe! Mwajiri mwingine angeahidi simu, au godoro. Lakini kwa Wanyarwanda aliyekupa ng'ombe umefungwa naye maisha, na ukitaka kuapa, au hata ukishtuka tu, jina lake ndilo linalokutoka: *Yampaye inka* fulani, fulani aliyenipa ng'ombe! Ladislas alijua vizuri sana anachokifanya, mjanja yule.

Védastine akawashika wenzake, ishirini na wawili, kwa mdomo wake mwenyewe. Nasiba, rafiki yake wa chanda na pete, alikuwa ameshapata meza ya kuuzia sambaza, vile vidagaa vya ziwani, sokoni Bukavu. Akaiachia, kwa sababu Védastine alimwambia, "Nimemusikia mwenyewe. Bakia."

Msimu ukaisha, mashine ikawashwa, na wanawake wote wakaachishwa kazi, kila mmoja na kitenge kimoja na maneno matamu ya shukrani. Védastine naye akaachishwa. Ila wiki hiyo hiyo akaletewa ng'ombe, ng'ombe wa kweli, mwenye maziwa, na kamba mpya shingoni. Aliona haya mpaka akamfunga nyuma ya nyumba. Lakini watoto walipokunywa maziwa asubuhi ile ya kwanza alifurahi, kwa nini nidanganye, na ulimi wake ukajifunza jina. Akijikwaa: *Yampaye inka* Ladislas! Akisikia bei ya chumvi: *Yampaye inka* Ladislas!

Siku moja Nasiba akaja, akakataa kukaa.

"Tumeshitaki kwa mukaguzi wa kazi. Ladislas anasema hakuahidi kitu. Mwenye alisikia ni weye peke yako. Utasema ao hautasema?"

Kumshitaki aliyekupa ng'ombe! Mama yake Védastine angemlaani. Alimchukia Ladislas, akajichukia mwenyewe zaidi, kwa kuwa ni mdomo wake uliowaponza wenzake. "Nitasema," akajibu.

Siku ya siku, wakajaa ofisini kwa mkaguzi, mjini Kamembe, wote wamevaa vile vitenge vya kuagwa, maana ndivyo vizuri walivyokuwa navyo. Védastine akasimama, akaeleza ahadi ile kwa mpangilio, neno kwa neno, ila la ng'ombe akaliruka, na Ladislas akaanza kujifuta jasho. Nasiba akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu msimu uishe. Mkaguzi akauliza jambo moja tu.

"Maman, una hakika ulimsikia yeye mwenyewe?"

Hakika? Hasira zikampanda Védastine.

"*Yampaye inka* Ladislas, nilimusikia na masikio yangu haya!"

Mtu akacheka mlangoni. Mkaguzi akaweka kalamu chini taratibu.

"Kumbe alikupa ng'ombe?"

"Alinipa."

"Alikuahidi, akakupa?"

"Ndiyo."

Ladislas akarudisha kitambaa mfukoni. "Munaona?" akasema kwa upole. "Mimi nikiahidi, ninatoa. Kama ningebaahidi na hawa, si ningebapatia?"

Mkaguzi akasema neno dhidi ya neno halitoshi, akafunga faili. Njia nzima ya kurudi hakuna aliyemsemesha Védastine. Kwenye njia panda tu ndipo Nasiba alipogeuka. "Nenda ukakamue," akamwambia.

Akaenda akakamua, ng'ombe hajui habari za ofisini. Akajaza jagi, akampelekea Nasiba kwa mkono wa binti yake. Jagi likarudi limejaa vilevile. Alipokuwa akilipokea, ng'ombe akasogea akamkanyaga mguu, na jina likamtoka lote, kwa sauti, kabla hajawahi kuuma ulimi.