Stendi ya Mama Baridi

Ndalahwa ni seremala wa Mabatini. Kama maseremala wengi, hutengeneza vitanda vya walio hai na majeneza ya waliokufa, kwa randa ileile na futi ileile. Lakini nyumbani kwake Igogo mlango wa jikoni ulifungwa kwa kamba, na mkewe alipiga magoti kila siku kwenye saruji ya kibaraza kwa kukosa kitu cha kuwekea deli lake la vinywaji.

Mke huyo alikuwa Leonsia, Mhaya wa Kamachumu, mrefu kuliko mumewe. Hawakujaliwa mtoto, kwa hiyo hakuna aliyewaita mama fulani na baba fulani. Wateja walimwita Mama Baridi. Aliuza soda, maji na juisi ya pasheni kutoka kwenye deli kubwa la bluu lililojaa barafu. Waendesha bodaboda walisimama kwake, na akina mama waliotoka mwaloni na ndoo za samaki walitua mizigo yao hapo. Kila chupa aliyoitoa ilimgharimu kuinama, na mgongo wake ulikuwa mbovu.

Mumewe alimwahidi stendi ya mbao ya kulikalisha deli. Ahadi hiyo ilitangulia makabati ya shule, mabenchi ya kanisa na vitanda vya maharusi wengi ambao sasa watoto wao wanasoma. Kazi ya mteja ina mteja anayekuja juu. Kazi ya mke ina mke tu, naye husamehe. Watu husema huo ndio upendo. Mimi nasema mume anayewapa watu wote siku nzima, kisha akampa mkewe jioni iliyobaki, anamwibia.

Masika ya mwaka huu Leonsia aliinama kumtolea kijana wa bodaboda soda, akashindwa kuinuka. Kijana alimshika mabega akamwinua, kisha akajitolea chupa mwenyewe. Ndalahwa alikuwa anarudi kutoka kazini, akayaona hayo akiwa njiani. Kesho yake hakwenda Mabatini. Alitoa uvunguni mbao za mninga alizokuwa anazitunza, akamwita mkewe kibarazani.

"Simama hapa, wima."

"Kuna nini?"

"Nikupime. Stendi iwe ya kimo chako, mkono uingie kwenye barafu bila kuinama."

Akachomoa futi mfukoni. Leonsia akaruka nyuma.

"Ngosha! Si ndiyo uliyompimia marehemu mzee Yeremia? Irudishe huko huko!"

Ngosha ni jina wanaloitwa wanaume wa Kisukuma hapa mjini, na Leonsia alipenda kumwita hivyo mumewe akimtania. Lakini safari hii hakuwa anatania tu. Fundi anayetengeneza majeneza hampimi mtu hai, asije akamwitia kifo. Mteja akitaka kiti, hupimiwa kiti chake cha zamani. Ni woga usio na msingi, ila hata wasomi wanao.

Getruda, jirani yao, alikuwa anachambua dagaa upande wa pili wa ukuta. "Mama Baridi, usikubali! Mwanamume akianza kukupima, ujue anakulinganisha na mwingine."

Wakacheka wote watatu.

"Basi kwa kamba," Ndalahwa akasema.

"Kamba sawa. Kamba hata mbuzi hufungwa nayo."

Akaokota kamba ya gunia la mkaa, akaishikiza kwenye nyonga ya mkewe, akaiteremsha hadi sakafuni na kupiga fundo.

"Ungeoa mfupi, usingehangaika na kamba ndefu," Leonsia akamwambia.

"Wafupi walikuwa wameisha."

Aliijenga stendi ile kwa uangalifu ambao hakuwahi kumpa mteja. Kibaraza kina mteremko wa kutolea maji ya mvua, kwa hiyo miguu ya mbele aliiacha mirefu kidogo kuliko ya nyuma, ili deli likae sawa. Juu aliweka fremu ya kulizuia deli lisiteleze, chini rafu ya kreti, ubavuni kifungulio cha soda. Akapiga msasa, akapaka vanishi. Leonsia alikuja na deli mikononi.

"Niliweke?"

"Bado. Usiiguse, haijakauka. Kesho."

Siku ile aliuza akiwa amepiga magoti kando ya stendi yake mpya, akionyesha kila mteja. "Mnaiona? Kesho mtanikuta nimesimama kama meneja wa benki."

Jioni alianguka jikoni. Hospitali walisema ni kiharusi, na hakuamka tena.

Ndalahwa aliomba jambo moja tu katika msiba ule: jeneza la mkewe alitengeneze yeye. Alikwenda nyuma ya nyumba na mbao zilizobaki, akaanza kupiga randa huku analia.

Dada mkubwa wa marehemu, Kokulinda, alifika na basi kutoka Kagera. Aliyempokea mlangoni ni Getruda. Wakakumbatiana, wakalia, na Getruda akaanza kusimulia kama watu wanavyosimulia msibani: alikuwa mzima kabisa, alicheka, juzi tu mumewe alimpima hapa hapa.

Hakusema kwamba ni kwa kamba, wala hakusema ni kwa ajili ya nini. Getruda hakudanganya. Alisema nusu, na nusu ya kweli ikiachwa itembee peke yake huua kama uongo.

Kokulinda alimwita shemeji yake mbele ya waombolezaji wote.

"Shemeji, ni kweli ulimpima mdogo wangu akiwa hai?"

"Nilimpima, dada, lakini ilikuwa..."

"Amekiri! Mmemsikia?"

"Dada, ilikuwa kwa ajili ya..."

Akaangua kilio, hakumaliza. Baba mdogo wa Ndalahwa, mzee Mayala, akajaribu: "Mama, mtu hafi kwa kupimwa."

"Labda kwenu. Mdogo wangu hatalala kwenye sanduku la mkono huo. Tutanunua."

Getruda alikuwa palepale na birika la chai. Akaendelea kumimina.

"Nunueni," Ndalahwa akasema. "Siwezi kugombana juu ya maiti yake." Akaziegemeza mbao ukutani.

Jeneza lilinunuliwa barabarani. Kwa kuwa neno kupima lilikuwa limekwisha kuwa ugomvi, hakuna aliyethubutu kulitamka. Waliagiza la mtu mzima. Lilipoletwa likawa fupi, na akina mama wakamkunja Leonsia magoti ili kifuniko kikubali.

Asubuhi ya maziko, kabla ya safari ya Bujora kwa kina Ndalahwa, meza zilikuwa zimekwisha, na vijana wakaliweka deli la maji juu ya stendi. Kokulinda akaenda kuchukua maji. Yeye na Leonsia walikuwa kimo kimoja. Mkono wake ukazama kwenye barafu naye amesimama wima. Akasita, akaitazama miguu ya stendi, akaona kamba yenye fundo ikining'inia kwenye msumari.

"Hii ni ya nani?"

"Ya marehemu," Getruda akajibu, macho chini. "Ndiyo aliyopimiwa, kwa kamba hiyo."

Kokulinda alimkuta Ndalahwa nyuma ya nyumba, ameketi karibu na mbao zake.

"Shemeji, nimeiona. Nisamehe."

"Nimekusamehe, dada." Kisha akasema, "Mmemkunja magoti. Mimi nilimpima ili asiiname tena."

Kokulinda akalia. "Nifanye nini sasa?"

"Waambie watu."

Akageuka kuwatazama waombolezaji. Gari la maiti lilikuwa linapiga honi. "Nitawaambia tukirudi," akasema.

Kutoka makaburini alipanda gari la Bukoba moja kwa moja. Alimshtaki mtu mbele ya umati, akamwomba radhi nyuma ya nyumba. Hiyo si toba.

Mpaka leo wapo Mabatini wanaomwita Ndalahwa fundi aliyempima mkewe. Kazi za vitanda bado wanamletea. Stendi iko kibarazani, deli tupu juu yake, na kila asubuhi huifuta vumbi.

Juzi mwanamke mmoja mwenye genge la mboga alitaka kuinunua. Alizunguka, akaisifu, akajaribu kuingiza mkono kwenye deli, ikambidi asimame kwa vidole vya miguu.

"Nzuri, ila ndefu," akasema. "Nikatie miguu kidogo, fundi, niichukue leo."

"Haikatwi, mama," Ndalahwa akajibu. "Ina mwenyewe."