Siku Nilipokataa Kutoa Jani la Sale

Kuna duka moja la vitambaa hapa Moshi mjini ambalo mwenyewe huwasha vijiti vya udi kila asubuhi kabla mteja wa kwanza hajaingia. Nikipita pale, hata niwe na haraka ya namna gani, miguu hupunguza mwendo yenyewe. Harufu ile tamu na nzito hunirudisha nikiwa na miaka kumi na miwili, nimesimama bila viatu kwenye sakafu ya baridi ya hekalu lililonukia hivyo hivyo, kidole gumba cha mguu wa kushoto kimechungulia kwenye tundu la soksi, nami najitahidi kukificha nyuma ya mguu wa kulia.

Siku ile darasa letu la sita lilikuwa kwenye ziara. Mwalimu Kileo, mama mrefu aliyetufundisha maarifa ya jamii, alikuwa ameahidi tangu muhula uanze kwamba atatutembeza siku nzima: tuone hekalu la Wahindu mjini, kisha kanisa la zamani kule kwetu mlimani, kisha maporomoko ya maji, na mwisho Ziwa Chala. Ziwa ndilo nililokuwa nikiliota. Binamu yangu wa Tarakea alikuwa ameniambia kwamba maji yake hubadilika rangi kadiri jua linavyopanda, na kwamba ukisimama ukingoni unayaona chini kabisa, kama mtu anayechungulia ndani ya chungu.

Dada yangu Aika ndiye aliyenifungia chakula alfajiri. Kilikuwa kiburu, ndizi na maharage yaliyopondwa pamoja, kikiwa kimefungwa kwenye jani la mgomba na bado cha moto. "Usikile kabla hujafika ziwani," aliniambia kwa sauti ya chini. Miezi ile kila kitu alikisema kwa sauti ya chini. Alikuwa kidato cha tatu alipogundulika ana mimba, na shule ikamrudisha nyumbani. Enzi zile ndivyo ilivyokuwa, msichana akipata mimba masomo yake yameishia hapo. Mama, ambaye alikuwa kiongozi wa kwaya ya akina mama kanisani, aliwaambia watu kwamba Aika anaumwa tumbo na yuko kwa shangazi Bomang'ombe. Nusu ya habari hiyo ilikuwa na ukweli. Tumbo alikuwa nalo. Lakini yeye mwenyewe alikuwa humo humo kihambani, shamba letu la nyumbani, nyuma ya migomba na mibuni, akipika, akifua, akimkatia ng'ombe majani, na mgeni akipiga hodi anaingia chumbani na kujifungia. Mimi niliapishwa nisiseme. Niliapa kwa moyo wote, nikijiona mtu mkubwa.

Kiongozi wetu wa ziara aliitwa Godlisten, kijana aliyezoea kuwatembeza wazungu. Alivaa kofia pana na buti za mlimani ingawa siku ile hatukuwa na mlima wowote wa kupanda. Mungu alimsikiliza au hakumsikiliza, hilo sijui, ila yeye mwenyewe alipenda sana kusikilizwa. Akianza habari hakuna aliyeruhusiwa hata kukohoa.

Hekaluni alitupokea babu mmoja wa Kihindi mwenye sweta la mikono mirefu na Kiswahili cha Moshi kabisa. Tulimpa shikamoo kwa pamoja, akaitikia marahaba kwa kila upande, kisha akatuonyesha mahali pa kupanga viatu. Bibi yangu alikuwa amenionya nisile kitu chochote kule. Babu yule alipotugawia vitonge vitamu vya manjano vilivyonukia samli, nilimkumbuka Bibi, nikasikitika kidogo, nikala. Kisha Mwalimu akauliza nani ana swali. Sijui kilichoninyanyua mkono.

"Babu, mtu aliyefanya kosa anaruhusiwa kuingia humu?"

Alinitazama juu ya miwani yake, akacheka hadi sweta likatikisika. "Mjukuu wangu, kama waliokosea hawaingii, mimi nani atanifungulia?"

Wenzangu walicheka naye. Mimi sikucheka. Jibu lile nililiweka moyoni kama mtu anavyoweka kitu mfukoni, bila kujua ningelihitaji lini.

Tulipanda Kosta tukarudi mlimani, tukaletwa kwenye kanisa letu wenyewe. Kichekesho hicho tulikiona hata sisi watoto: tumebatizwa pale, tunasinzia pale kila Jumapili, na leo tunaonyeshwa milango yake kama wageni. Godlisten alitueleza kuhusu kuta za mawe na kengele iliyokuja kwa meli. Mbele karibu na madhabahu akagusa kinanda, akamsifia kijana anayekipiga. Nilitazama sakafu. Kijana yule nilimjua. Alikuwa ndiye baba wa mtoto wa Aika, na nyumbani kwetu jina lake lilikuwa halitamkwi. Kila Jumapili alikaa pale mbele, shati limepigwa pasi, akipiga kinanda kana kwamba hakuna kilichotokea.

Halafu tukafika nyuma, kwenye benchi la mwisho karibu na mlango. "Hili," alisema Godlisten, akiligonga kwa buti, "ni benchi la waliotengwa. Msichana akiharibika, anakaa hapa mbele ya macho ya watu wote, mpaka atubu."

Ndipo nilipoelewa kwa nini Mama alimficha Aika. Hakuwa akiogopa tumbo, aliogopa benchi. Nililiangalia. Lilikuwa benchi kama mengine, lenye msumari mmoja uliochomoza. Nikahisi hasira inapanda polepole kutoka miguuni, na sikujua niipeleke wapi.

Maporomoko tuliyasikia kabla ya kuyaona. Tuliteremka ngazi za udongo zenye utelezi, tukishikana mikono, katikati ya ferni na miti iliyoota ukungu wa kijani. Pale chini maji yalianguka kwa kishindo na kuturushia manyunyu usoni, na kwa muda nilisahau kila kitu. Tulipiga kelele ili tu tusikie kelele zetu zikimezwa.

Godlisten alitukusanya juu kidogo, mahali ambapo sauti inasikika. Akatusimulia kwamba zamani msichana mmoja wa pale alibeba mimba kabla hajaolewa, baba yake akamfukuza, naye akaja akajirusha majini. "Mpaka leo," alisema, "maji yakijaa mnamsikia analia. Sasa wasichana, sogeeni mbele. Wavulana mbaki hapo hapo. Wasichana wote mseme kwa sauti: Sitakuwa kama yeye."

Wenzangu walianza kusema, wengine wakichekacheka, wengine kwa woga. Mwalimu Kileo alikuwa amesimama pembeni akipangusa miwani kwa ncha ya kanga. Mimi midomo yangu haikufunguka.

"Wewe mwenye sweta la kijani," alisema Godlisten. "Sijakusikia."

"Sisemi."

"Kwa nini?"

"Mwanaume alikuwa wapi?"

"Mwanaume gani?"

"Aliyempa mimba. Yeye alijirusha wapi?"

Wavulana waliangua kicheko. Godlisten naye alitabasamu, kama mtu anayemvumilia mtoto. "Hii ni hadithi ya msichana, dada mdogo. Na inamhusu kila msichana asiyesikia. Hakuna aliyebeba mimba kabla ya ndoa akabaki salama."

"Uongo!" nilisema. Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, na safari hii maji hayakuimeza. "Dada yangu Aika ana mimba na hajajirusha popote. Yuko nyumbani. Leo asubuhi amenipikia kiburu."

Kicheko kilikatika. Niliwaona wenzangu wakitazamana, hasa Happy, ambaye mama yake aliimba kwaya moja na mama yangu. Niliona pia uso wa Mwalimu Kileo ukibadilika kwa hasira.

"Manka!" aliniita. "Unamwita mtu mzima mwongo?"

Kando ya ngazi kulikuwa na ua wa masale. Alikwenda akachuma jani moja refu, akaniletea. Kwetu Uchaggani jani la sale si jani tu. Ukimkosea mtu, hata kosa la damu, ukimpelekea sale ukaomba radhi, hawezi kukataa kukusamehe. "Mpe kiongozi," alisema Mwalimu, "umwombe radhi, tuendelee na safari."

Niliweka mikono nyuma.

"Manka."

"Mwalimu, sijamkosea. Yeye ndiye aliyemkosea dada."

Sijui tulisimama vile kwa muda gani, yeye ameninyooshea jani, mimi mikono mgongoni, manyunyu yakitulowanisha sote wawili. Hata leo watu hudhani mtoto mkaidi haogopi. Niliogopa mno, na nilijua pia kwamba nikilipokea tu lile jani, nitakuwa nimesema yale maneno ya "sitakuwa kama yeye" bila hata kufungua mdomo.

Mwishowe Mwalimu aliteremsha mkono. "Basi ziwa hutaliona," alisema.

Na sikuliona. Kosta ilipofika Chala wenzangu waliteremka wakikimbia, na mimi nikabaki kwenye kiti changu. Mwalimu aliliweka lile jani juu ya kiti kilichokuwa mbele yangu. "Ukiwa tayari, njoo nalo ukingoni," alisema, akaenda. Dereva alikuwa amelala, mdomo wazi. Kupitia dirishani niliona migongo ya wenzangu ikiwa imejipanga, na zaidi ya hapo anga tupu. Nilisikia wakisema "Aaah!" wote kwa pamoja. Niliutaka ule mshangao kuliko kitu chochote. Nilililia ziwa kimya kimya, huku nikila kiburu kilichopoa, na kila nilipolitazama jani niligeuza uso.

Jioni nilimpa Mama barua ambayo Mwalimu alikuwa ameniandikia tukiwa njiani kurudi, kabla sijavua viatu. Aliisoma amesimama mlangoni. Aika alikuwa kwenye kigoda akimenya ndizi, kisu kikienda taratibu. Mama alipomaliza alikaa chini.

"Umetuvua nguo, Manka," alisema. "Mbele ya darasa zima umetuvua nguo."

Nikaanza kujitetea, nikasimulia yote, hadithi ya msichana, maneno tuliyotakiwa kuyasema, jani. Nilitegemea Aika anikumbatie. Hakunikumbatia. Aliweka kisu chini, akaniuliza, "Umetaja jina langu?"

"Ndiyo."

"Happy alikuwepo?"

"Ndiyo, dada."

Alijifuta mikono iliyokuwa nyeusi kwa utomvu. Kisha akainuka, taratibu kama walivyo wajawazito, akapita katikati yetu, akatoka nje hadi barabarani, mahali ambapo hakuwa amekanyaga kwa miezi minne. Ilikuwa bado mwanga. Watu walikuwa wakitoka sokoni. Nilimsikia akiwaamkia mmoja mmoja kwa sauti yake ya zamani, ile ya juu: "Shikamoo mama. Shikamoo baba. Mimi mzima, sijambo."

Jumapili iliyofuata alivaa gauni la Mama, maana yake yote yalikuwa hayamtoshi, akasema anakwenda ibadani. Mama alimwomba asiende. Alipoona hasikii, alitangulia mwenyewe kwa haraka na kukaa na wanakwaya wake, benchi la tatu. Mimi na Aika tuliingia watu wakiwa wameshakaa. Mzee wa kanisa alitukuta mlangoni, akanyoosha mkono kuelekea lile benchi la mwisho.

"Shikamoo mzee," alisema Aika. "Kijana wa kinanda amekaa wapi?"

Mzee alikitazama kinanda, mkono wake bado umenyooshwa. Aika akaendelea mbele, nami nimeshika kiganja chake kilicholowa jasho. Kinanda kilikosea noti, kikakosea tena. Tulifika benchi la tatu tukasimama. Lilikuwa limejaa, na hakuna mwanamke hata mmoja aliyetutazama. Mama alikuwa ameinamisha kichwa kwenye kitabu cha nyimbo. Tulisimama pale hadi nikadhani tutasimama ibada nzima. Kisha Mama, bila kuinua macho, akavuta sketi yake, akasogea. Aliyekuwa pembeni yake ikabidi asogee naye, na wa pembeni yake, mpaka mwisho wa benchi.

Aika alijifungua mtoto wa kike. Hakurudi shule ile, ila alijisomea nyumbani mtoto akiwa mgongoni, akafanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, akashindwa, akarudia, akafaulu. Leo ni muuguzi katika hospitali ya kule Mkuu, na binti yake amenipita urefu. Siku hizi msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi darasani, na mpwa wangu huyo nikimweleza jinsi mambo yalivyokuwa hudhani natia chumvi.

Kwa miaka mingi niliisimulia habari hii kama ushujaa wangu. Nilikuwa mtu mzima niliponyamaza kidogo na kumuuliza dada yangu alijisikiaje jioni ile. Alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye matuta ya mboga aliyokuwa akipalilia. "Nilitaka kukupiga. Ilikuwa siri yangu, Manka, haikuwa yako. Nilikuwa nimepanga kutoka mwenyewe mtoto akishazaliwa, nikiwa nimembeba. Wewe ukanitoa kabla sijawa tayari. Sasa ningefanya nini, nirudi ndani?"

Nilimwomba radhi siku hiyo, kwa mdomo wangu, na alinisamehe, ingawa alinifanya nipalilie tuta zima kwanza.

Yule kiongozi sijamwomba radhi, na sitamwomba. Swali langu hakulijibu, na mzee wa kanisa naye hakulijibu la dada yangu. Mahali popote nitakapowakuta wasichana wamepangwa mbele na wavulana wameachwa nyuma, nitaliuliza tena, kwa sauti ile ile. Ila safari hii nitauliza kwa jina langu mwenyewe.